Kabureta au Injeksheni? Pikapu ya Chewele Iacheni na Kabureta Yake

Leo sizungumzii kompyuta. Au tuseme nitaizungumzia, lakini ile inayokaa chini ya dashibodi ya gari, ndani ya kijisanduku cha bati, ambayo wengi wenu mnaiendesha kila siku bila kujua kama ipo. Najua nitawaudhi baadhi yenu, hasa wenzangu tunaoandika programu ili tupate ugali. Haidhuru. Nikosoeni kwa hoja.

Kisa ni hiki. Mjomba wangu wa Chewele, kule Tana River, ana Peugeot 504 pikapu ambayo imekaa chini ya mwembe miaka sita. Matairi yamekwisha, kuku wanatagia ndani, na mathenge yameota hadi kwenye bampa. Sasa ukoo umechanga pesa ili ifufuliwe. Si kwa ajili ya kupiga picha. Ni ya kubeba maembe, ndizi na tikiti hadi Bura na Hola, na usiku, Mungu apishe mbali, kumbeba mgonjwa au mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Basi tukakaa kikao. Mpwa wangu anayesoma chuo Nairobi akaanza: "Anko, siku hizi nani bado anatumia kabureta? Hiyo injini tuifunge EFI, tumalize." Fundi tuliyemwita kutoka Bura akatikisa kichwa: "Mimi hayo mambo ya kompyuta siyataki. Siku ikizima porini mtanitafuta mimi." Kisha wote wakanigeukia mimi, mtu wa kompyuta, wakiwa na hakika kwamba nitasimama na kijana.

Nilisimama na fundi. Mpwa wangu bado amenuna. Makala haya ni yake kwanza, halafu ni ya kila mtu anayedhani kwamba kitu kipya zaidi ndicho kizuri zaidi popote kinapopelekwa.

Tuelewane kwanza

Kwa wale wasioshika spana, kazi yenyewe ni moja tu: kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo. Kipimo kamili ni karibu gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Petroli ikizidi, gari linatoa moshi mweusi na kula mafuta. Ikipungua, injini inapata joto kali na valvu zinaweza kuungua.

Kabureta hufanya kazi hiyo kwa fizikia tupu. Ina bakuli dogo la petroli lenye boya linalozuia lisifurike, kama lile la tangi la choo. Hewa inayovutwa na injini inapita kwenye koo jembamba. Ikibanwa hapo inakwenda kasi, shinikizo linashuka, na petroli inanyonywa kutoka bakulini kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Hapo hapana hesabu wala waya.

Injeksheni ya siku hizi, ile tunayoiita EFI, inafanya kwa hesabu. Pampu ya umeme inasukuma petroli kwa shinikizo la baa 3 hivi, kama mara kumi ya lile linalotosha kabureta. Sensa (si ile ya kuhesabu watu) zinapima joto la maji, joto la hewa, mzunguko wa krenki na jinsi mguu ulivyokanyaga mafuta. Kompyuta inasoma yote hayo, inapiga hesabu, kisha inafungua injekta kwa milisekunde chache tu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inataka dozi yake mara 25 katika kila sekunde. Mimi ninayelipwa kuandika programu nakiri: ni kazi nzuri mno.

Sifa za injeksheni ni za kweli, sizikatai

Sitaki mtu aseme nimeficha upande wa pili. Injeksheni inakula mafuta kidogo. Inawaka asubuhi ya baridi bila kuvuta choki. Inajirekebisha yenyewe ukipanda mlima. Hewa ya Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita, ndiyo maana kabureta iliyosetiwa Mombasa ikifika Nairobi inaanza kukohoa moshi mweusi. Kompyuta ya EFI huigundua tofauti hiyo bila mtu kushika bisibisi.

Tena nitawashangaza wale wanaosema injeksheni ni ya lami. Mbio za Safari za mwaka 1966 na 1967 zilishindwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva kutoka Tanzania, wakiwa na Peugeot 404 ya injeksheni. Mwaka 1968, mvua ikinyesha hadi magari 7 tu yakamaliza, mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, tena kwa 404. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda kwa 504, ndugu wa damu wa hiyo pikapu ya mjomba, nayo ikiwa ya injeksheni. Kwa hiyo vumbi na matope ya Afrika Mashariki yaliizoea injeksheni kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Lakini tazameni vizuri. Injeksheni hiyo ilikuwa ya pampu ya chuma iliyozungushwa na injini, haikuwa na kompyuta. Na nyuma ya gari la mashindano huwa kuna gari jingine lenye mafundi na spea, watu wanaoijua injini ile kama kiganja cha mkono. Injeksheni haiogopi vumbi. Inaogopa upweke.

Na Chewele, wadau, ndiko upweke wenyewe unakoishi.

Sifa hizo zinahitajika Chewele?

Tuzipange moja moja. Kuwaka kwenye baridi? Chewele hakuna baridi, kuna joto la kukaanga yai juu ya boneti. Kujirekebisha mlimani? Mlima uko wapi? Kutoka Garissa hadi Garsen nchi imelala kama mkeka, na Chewele yenyewe haifiki mita 200 juu ya bahari. Pikapu hii haitaiona Nairobi tena. Ukiiseti kabureta kwa hewa ya Tana, imesetika.

Inabaki akiba ya mafuta. Hii ni hoja nzito, basi tuipigie hesabu badala ya kelele. Tuseme pikapu inatumia lita 40 kwa wiki, na tuseme injeksheni inaokoa lita 1 katika kila 10. Hizo ni lita 4 kwa wiki, lita 208 kwa mwaka. Tukiweka lita kwa shilingi 180, ni shilingi 37,440. Si haba. Lakini orodha niliyoiandika mwenyewe ya vitu vya kuibadilisha injini hii, yaani pampu ya shinikizo, paipu ya kurudisha mafuta tangini, injekta, manifoldi ya kuchonga, sensa, kompyuta, waya na alteneta isiyoyumba, ilizidi shilingi 100,000 kabla sijamlipa fundi hata senti. Maana yake ni karibu miaka mitatu ya kurudisha pesa, bila kitu kuharibika hata siku moja. Nani kwenye barabara ile anaweza kuahidi hivyo?

Kabureta inakufaje, injeksheni inakufaje

Hapa ndipo penye hoja yangu, na mengine yote mkiyasahau shikeni hili. Mashine usiipime kwa jinsi inavyokwenda siku nzuri tu. Ipime kwa jinsi inavyoharibika, na mahali itakapoharibikia.

Kabureta huugua kabla ya kufa. Jeti ikianza kuziba, gari linavuta vibaya, linasitasita, linapiga "paa" kwenye ekzosi. Linakulalamikia wiki nzima. Hata likifikia kugoma, mara nyingi unaweza kulibembeleza likufikishe: fungua bakuli, mwaga maji na mchanga, puliza jeti kwa mdomo, funga, endelea. Vifaa ni spana mbili, bisibisi na pumzi yako. Tena nani Chewele hajui kabureta? Kila fundi wa bodaboda anaijua, maana pikipiki nyingi zinazobeba watu huko ni za kabureta. India iliziwekea pikipiki zake masharti makali ya moshi kuanzia Aprili 2020, na nyingi za huko zikahamia injeksheni, lakini zetu nyingi bado ni zile zile. Ya 504 ni kubwa zaidi tu, boya ni lile lile na jeti ni ile ile.

Injeksheni haiugui hivyo. Kwa kweli ina subira kwa makosa fulani: sensa ya joto la maji ikifa, kompyuta nyingi zinabuni namba na gari linaendelea kujikokota. Lakini sensa ya krenki ikifa, basi. Kompyuta haijui injini iko wapi, haitoi cheche wala petroli. Gari zima linageuka kuwa bati lenye viti.

Nasema haya kwa sababu yamenikuta. Miaka michache iliyopita nilikuwa naendesha gari dogo la Kijapani kati ya Bura na Hola, saa nane mchana, jua la utosi. Likazima kama taa. Hakuna mlio, hakuna moshi. Nikasubiri likapoa, likawaka, nikaenda kilomita tatu, likazima tena. Nilikuwa na kompyuta ya mkononi, simu, na shahada ya kompyuta. Nilikuwa pia na vijana wawili wachungaji walionionea huruma wakanipa maziwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoweza kuwasha gari. Lori lilinivuta hadi Garissa, na kipande chenyewe, kisichozidi kidole gumba, kikaja na basi kutoka Nairobi baada ya siku mbili. Sensa ya krenki. Ilikuwa inakufa ikipata joto, inafufuka ikipoa.

Sasa, mimi nilikuwa peke yangu, sina haraka. Mkiweka mama mwenye uchungu kwenye kiti cha nyuma, kisa hicho hakisimuliki kwa kicheko.

Na hapo barabara ilikuwa wazi. Mnakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji ya Tana yalipoikata barabara kati ya Madogo na Garissa? Chewele iko upande huu wa mto na maduka ya spea yako upande ule. Wakati huo hata uwe na milioni mfukoni, sensa haivuki. Gasketi ya kabureta, kwa upande mwingine, inakatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu.

Watu wa Bura hawahitaji mhadhara

Tena jambo hili si geni pale. Mradi wa kunyunyizia mashamba wa Bura ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa pesa za mkopo, Benki ya Dunia ikiwemo. Badala ya mfereji wa kuteremsha maji wenyewe kutoka mtoni, zikawekwa pampu za dizeli kule Nanighi. Siku pampu zinavuma, mashamba yalikuwa kijani. Lakini pampu inataka dizeli kila siku na spea kila mara, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mambo yalipokwama, mifereji ilikauka na wakulima walioletwa kutoka mbali wakabaki wanatazamana. Hadi miaka ya 2010 ndipo kazi ya mfereji wa kuteremka ikashikwa kwa nguvu.

Sisemi pampu ni mbaya. Nasema aliyechagua alihesabu lita za maji kwa sekunde, hakuhesabu itakuwaje siku pampu ikifa. Na aliyelipia hesabu hiyo hakuwa yeye.

Na wewe mtengeneza programu, tulia

Najua wenzangu mnataka kusema nini. "Mbona usijenge kompyuta yako mwenyewe?" Nimefikiria, tena sana. Kuna MegaSquirt iliyoanza mwaka 2001, kuna Speeduino inayotumia kibodi cha Arduino, kuna rusEFI. Zote unaweza kuzijenga mwenyewe, na programu zake unaweza kuzisoma na kuzibadilisha. Nilishaanza kuchora mchoro wa waya usiku wa manane, roho inadunda kwa furaha kama ya mtoto aliyepewa baiskeli.

Kisha nikajiuliza swali tunaloulizana kazini: mtu mmoja tu akigongwa na matatu, mradi unakufa? Kwa pikapu ile, mtu huyo ni mimi. Ramani ya mafuta ningeiandika mimi, waya ningezifunga mimi, na mimi naishi Nairobi. Siku waya mmoja ukilegea kwa mtikisiko wa barabara, mjomba angenipigia simu, mtandao ukikubali, nami ningemwambia: "Mjomba, unganisha kompyuta ya mkononi." Mjomba angeniuliza: "Ipi?"

Hiyo si teknolojia ya ukoo. Hiyo ni teknolojia yangu niliyoiegesha kwenye boma la watu wengine. Uhuru wa kusoma programu hauna faida kwa mtu asiye na pa kuisomea wala aliyemfundisha kuisoma. Kabureta ndiyo programu huria ya kweli ya Chewele: kila mtu anaweza kuifungua na kuitazama ndani, kisha akamwonyesha mwenzake.

Lakini na ninyi mafundi, sikilizeni

Sasa nageukia upande wa pili, nisije nikabebwa juu juu na fundi wa Bura. Kuna ugonjwa mwingine: gari lililozaliwa na EFI linapata hitilafu ndogo, fundi hajui kusoma kosa, basi anang'oa kompyuta, anatupa sensa, anafunga kabureta ya gari jingine na kumwambia mwenye gari "nimekutolea shetani".

Hujamtolea shetani, umemletea. Kwenye injini nyingi za aina hiyo, kompyuta ndiyo inayopanga pia wakati wa cheche, si petroli peke yake. Ukiing'oa, cheche inakuja wakati usiofaa, nguvu zinapungua na injini inachemka. Manifoldi yake haikuchongwa kwa kabureta, kwa hiyo silinda moja inashiba na nyingine inalala njaa. Na ukiiacha ile pampu ya baa 3 tangini, itaisukuma sindano ya boya hadi petroli ifurike juu ya injini ya moto. Mimi nimeliona gari la namna hiyo likishika moto, na lililookolewa lilikuwa ni redio.

Kwa hiyo msimamo wangu mzima ni huu: injini iliyozaliwa na kabureta na itakayoishi Chewele, iacheni na kabureta yake. Injini iliyozaliwa na injeksheni, iacheni na injeksheni yake, ila jifunzeni kuisoma.

Kuisoma ni rahisi kuliko mnavyotishwa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kijisanduku kidogo kwenye injini kilichoandikwa majina ya tundu zake. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, halafu hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika kidogo, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. 24 ni joto la hewa. 41 ni sensa ya mguu wa mafuta. 12 au 13 ni alama ya mzunguko, na hapo jueni kwa nini haliwaki. Sensa ya maji yenyewe unaipima kwa mita ya umeme ya kawaida: ikiwa kwenye nyuzi 20 inatoa kama omu 2,000 hadi 3,000, na kwenye maji ya nyuzi 80 inashuka hadi omu 200 au 400 hivi. Sufuria, jiko, mita. Basi.

Sasa niambieni, maneno hayo machache yameandikwa wapi kwa Kiswahili, mahali fundi wa Bura anaweza kuyapata akiwa na mikono ya grisi? Fundi yule si mjinga. Alimsikiliza mlio wa injini ile mara moja akaniambia silinda ya tatu haifanyi kazi, na alikuwa sahihi. Anaiogopa kompyuta kwa sababu kila aliyeijua aliifungia maarifa kwenye Kiingereza au kwenye kifaa cha bei mbaya. Huo upweke ninaousema hauletwi na mto wala jua. Sehemu kubwa tumeuleta sisi, wenye kujua na kunyamaza. Mpwa wangu, kama kweli unaipenda injeksheni, usianze kwa kuifunga kwenye pikapu ya babu zako. Chagua aina moja ya gari linalopita sana barabara ya Hola, andika kosa zake zote kwa Kiswahili, na vipimo vya sensa zake, kwenye ukurasa mmoja wa simu. Mpe fundi. Ukifanya hivyo kwa miaka michache, labda kikao kijacho mimi ndiye nitakayeshindwa.

Tulichofanya kwenye 504

Ili msiseme napiga domo tu, kazi imeanza. Kabureta, Solex ya bomba moja, tumeifungua, tumeilaza kwenye petroli usiku kucha, tumebadilisha sindano ya boya na gasketi. Petroli ya barabara ile mara nyingi inauzwa kwa mitungi na chupa, kwa hiyo tumeweka filta mbili, moja karibu na tangi na nyingine kabla ya kabureta, na zote ni za kuona ndani.

Adui mkubwa wa kabureta kule ni joto. Petroli ikichemka ndani ya paipu inakuwa mvuke, pampu inasukuma hewa, gari linazima. Injeksheni inashinda hapa, kwa sababu ya lile shinikizo lake, na nimemkubalia mpwa wangu hivyo mbele ya watu. Dawa yetu ni hii: paipu ya mafuta tumeihamisha mbali na ekzosi, chini ya kabureta tumeweka kipande kinene cha kuzuia joto, na tutaongeza pampu ndogo ya umeme ya shinikizo la chini karibu na tangi. Pampu hiyo ikifa, ile ya zamani ya injini bado ipo. Platini tumezipiga msasa na nyingine mpya iko kwenye kikopo chini ya kiti, pamoja na jeti ya ziada, plagi mbili na kamkasi ka kukatia gasketi.

Wiki iliyopita iliwaka. Ilitoa moshi kwanza, kuku wakakimbia, kisha ikatulia ikawa inanguruma polepole. Fundi akaizima na kumpa binti wa mjomba, wa miaka kumi na minne, bisibisi, akamwambia: "Nimeiharibu kidogo makusudi. Itafute." Kwa dakika kumi alikuwa ameiona skrubu ya sailensa iliyofungwa kupita kiasi, akaifungua robo kwa robo huku anasikiliza, hadi injini ikakaa sawa.

Kompyuta ninayoijenga kazini haijawahi kumruhusu mtoto wa miaka kumi na minne kufanya hivyo. Mpwa wangu aliona kila kitu, na hakusema neno. Sasa naingoja ile karatasi yake ya Kiswahili.